Kubadili Sanduku la Stima Penye Joto la Jangwa



Leo twasema habari za mafundi wenzetu wa Phoenix, mji wa jangwani katika jimbo la Arizona, Marekani. Mwaka 2023 joto lilipita digrii 43 kila siku kwa siku 31 mfululizo. Nanyi wa Lodwar na Garissa mtatuelewa.

Nyumba nyingi za zamani huko zina sanduku la ampea 100, limefungwa ukutani nje, juani. Siku hizi hutakiwa la 200, kwa ajili ya mashini za kupoza hewa.

Breka ya kawaida imepimwa kwa joto la digrii 40. Ikipata joto zaidi hukata stima mapema. Mwenye nyumba hukasirika, husema, "Tia kubwa!" Tusikubali. Breka yalinda waya. Ukitia kubwa, waya utaungua ndani ya ukuta asikoona mtu.

Sasa jambo linaloua mafundi. Ukizima meni swichi, nyaya zitokazo kwenye mita zingali na moto. Hizo hukatwa na kampuni ya stima tu. Mwenye nyumba atatuharakisha, naye ana sababu: mwaka huo wa 2023, katika kaunti ya Maricopa uliko mji huo, joto lilichangia vifo vya watu 645, wengine ndani ya nyumba zao. Basi kazi ianze alfajiri, na wazee na wagonjwa wapelekwe kwa jirani kwanza. Lakini kabla kampuni haijakata, nasi hatujapima kwa testa, sanduku halifunguliwi. Tajiri akishurutisha, mwambieni azishike yeye kwanza.