Mpangaji Naye Apande Ua



Wengi wetu hapa Nairobi ni wapangaji, na mpangaji ana kauli yake: ya nini nipande maua katika kiwanja cha mtu? Leo nataka kulijibu swali hilo kwa ua moja tu, holihoki.

Holihoki ni ndugu ya bamia na pamba. Aliyewahi kulitazama ua la bamia hatapata shida kulitambua. Tofauti ni kimo: shina lake hufika mita 2, likiwa na maua mekundu, meupe, ya waridi au ya manjano, yanayochanua kuanzia chini kwenda juu. Hupenda ubaridi, ndiyo maana hustawi nyanda za juu kama hapa kwetu kuliko kwenye joto la Mombasa.

Wauza maua ni nadra kuwa nalo. Waridi la Naivasha hufungwa katika maboksi likasafiri hadi Uholanzi, lakini petali za holihoki ni laini na shina ni refu mno kwa safari kama hiyo. Anayelitaka mezani kwake sharti alipande mwenyewe.

Kazi yenyewe si ngumu. Masika ikianza, tifua udongo mahali penye jua, changanya samadi iliyooza, kisha fukia mbegu kina kisichozidi sentimita 1. Baada ya wiki 2 au 3 zitakuwa zimeota. Mzizi wake huzama chini kama wa karoti, kwa hiyo panda pale pale utakapokaa mmea, au hamisha miche ingali midogo. Acha nusu mita kati ya mche na mche. Ikibanana hushikwa na kutu, vile vidoa vya rangi ya machungwa chini ya majani. Mimi humwagilia udongo, si majani, na jani lililougua hulichuma nikalichoma moto.

Mtihani ni kungoja. Mara nyingi mwaka wa kwanza mmea hutoa majani tu. Hapo mpangaji hukata tamaa, kwani nani ajuaye kama kodi haitapandishwa kabla ua halijachanua?

Nami napanga. Nimehama mara mbili tangu nianze kupanda holihoki. Nyumba ya kwanza, mwenye nyumba aliimwagia saruji bustani yote nilipoondoka. Hakunipata, kwani mbegu nilikuwa nazo ndani ya bahasha. Tunda la holihoki likikauka huwa bapa kama sarafu, na mbegu zimepangwa ndani yake kwa duara. Shina moja hutoa mbegu za kutosha wewe na majirani. Rangi huenda zikabadilika, lakini hilo halijanisumbua.

Ukitaka ya chumbani, kata asubuhi mapema, maua ya chini yakiwa yamefunguka. Chovya ncha ya shina katika maji yanayochemka kwa nusu dakika, kisha lisimamishe katika maji baridi mengi. Usipofanya hivyo, litanyauka kabla wageni hawajafika.

Basi, mpangaji mwenzangu, ukihama beba masufuria, beba godoro, na bahasha ya mbegu usiisahau. Hadi wiki ijayo, kwaherini.