Wakili Aliyeshinda Kesi Mbaya



Mwaka 1821, mbele ya Mahakama Kuu ya Pennsylvania, mama mmoja aitwaye Charity Butler aliomba uhuru wake. Sheria ya jimbo ilimweka huru mtumwa yeyote aliyeletwa na bwana wake akakaa humo miezi sita. Charity alikuwa ameletwa kutoka Maryland mara kadhaa, na ukijumlisha safari zake zote, miezi ilitimia. Wakili wa upande wa pili akajibu kuwa miezi hiyo lazima ifuatane bila kukatika. Mahakama ikakubaliana naye, na Charity akabaki mtumwa, yeye na watoto wake.

Wakili huyo alikuwa Thaddeus Stevens. Ndiye yule yule ambaye baadaye mabwana wa watumwa walimchukia kuliko karibu mbunge mwingine yeyote.

Nimeanza na kesi hii kwa makusudi, kwa kuwa wasifu mwingi huipita mbio. Stevens alizaliwa Vermont mwaka 1792, mguu wake mmoja ukiwa na kilema, akalelewa katika umaskini na mama baada ya baba kuitelekeza familia. Umaskini huo ulimfanya mwaka 1835 azitetee shule za bure katika bunge la Pennsylvania hadi sheria ya shule hizo ikanusurika kufutwa. Miaka mitatu baadaye alikataa kutia saini katiba mpya ya jimbo kwa sababu iliwanyima watu weusi kura. Mwaka 1851 alikuwa miongoni mwa mawakili waliomtetea Castner Hanway, aliyeshtakiwa kwa uhaini kwa kukataa kusaidia kuwakamata watumwa waliotoroka. Hanway akaachiwa huru.

Tazameni hapo: ujuzi ni ule ule wa 1821, ila sasa umehamia upande wa pili. Mimi naamini kesi ya Charity ilimfundisha jambo ambalo mihadhara yetu ya sheria haifundishi vya kutosha, kwamba tafsiri ya neno moja huweza kumfunga mtu maisha yake yote. Ndiyo maana, akiwa katika Bunge la Marekani, hakuridhika na huruma. Alitaka maandishi ya katiba. Alipigania Marekebisho ya 13 yaliyokomesha utumwa, kisha ya 14 yaliyoahidi kila mtu ulinzi sawa wa sheria. Alitaka pia mashamba ya waasi wakubwa wa Kusini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe yagawiwe waliokuwa watumwa, ekari 40 kila mwanamume. Wenzake walimkatalia, na hilo lilikuwa kosa kubwa, maana uhuru bila ardhi uliwarudisha wengi kwa mabwana wale wale.

Marekebisho ya 14 yaliidhinishwa Julai 1868. Stevens alifariki tarehe 11 Agosti mwaka huo huo. Alikuwa ameagiza azikwe Lancaster, katika makaburi madogo yasiyobagua rangi, na huko ndiko alikolala mpaka leo.