Sigara za Elektroniki na Safari Yetu ya Mwakani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Thornhill, Ontario)

 

Kamati imenipa dakika kumi nizungumzie matayarisho ya safari ya kwenda Tanga. Habari za nauli na chanjo Katibu amekwisha kuzieleza vema, nami sina la kuongeza. Nimechagua kitu kimoja kinachoenea katika kiganja cha mkono: sigara ya elektroniki, ambayo vijana wetu huiita vepu. Naona wako wanaoinamisha vichwa. Wasiiname. Sikusimama hapa kumfichua mtu.

Sisi tuliohamia huku mwanzoni mwa miaka ya tisini tulisafiri katika ndege ambazo safu za nyuma zilikuwa za wavutaji. Safu iliyotangulia ilikuwa ya wasiovuta, kana kwamba moshi unajua kusoma kibao. Mwaka 1992 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo makao yake yako Montreal, liliyataka mataifa yaondoe uvutaji katika safari za kimataifa ifikapo Julai 1996. Kanada haikungoja, ndege zake ziliacha kabisa mwaka 1994.

Sasa vijana huniambia, "Baba mkubwa, hiki hakitoi moshi, hutoa mvuke." Ni kweli kwamba ndani yake hakuna jani linaloungua. Mna betri, waya unaopata moto, na kioevu chenye nikotini kinachogeuka kuwa mvuke. Lakini hoja hiyo sheria imekwisha kuifunga. Marekani ilitamka wazi mwaka 2016 kwamba kuitumia kifaa hiki ndani ya ndege ni sawa na kuvuta, na Kanada ikairekebisha sheria yake ya kuwalinda wasiovuta mwaka 2018 ili ihusu mvuke pia. Kitambua moshi kilichomo chooni nacho hakiulizi kama kilichokifikia ni moshi au mvuke. Hulia tu.

Na msidhani ni abiria peke yao. Julai 2018, katika ndege ya Air China iliyokuwa ikitoka Hong Kong kwenda Dalian, rubani msaidizi aliivuta sigara ya namna hii chumbani mwa marubani. Akataka kuzima feni ili mvuke usiwafikie abiria, akazima mitambo inayoingiza hewa ndani ya ndege. Vifuniko vya oksijeni vikaanguka mbele ya abiria, na ndege ikateremka zaidi ya mita 6,000 kwa haraka. Walinusurika wote, wapatao 160. Yeye hakutaka kumdhuru mtu. Alitaka kuficha tu, na neno hilo la kuficha ndilo nitakalolirudia.

Huenda mkaniuliza kwa nini wenye ndege wanaogopa choo kiasi hicho. Mwaka 1973 ndege ya Varig ya Brazil ilianguka karibu na uwanja wa Orly, Paris, kwa moto ulioanzia chooni. Watu 123 walikufa. Ndiyo maana hata leo mtaona kisahani cha majivu mlangoni mwa choo, ingawa kuvuta ni marufuku, ili mkaidi asije akatupa kipande katika pipa la karatasi. Miaka kumi baadaye, tarehe 2 Juni 1983, ndege ya Air Canada iliyokuwa ikija hapa kwetu Toronto kutoka Dallas ilitoa moshi upande wa choo cha nyuma. Rubani aliweza kutua karibu na Cincinnati, lakini milango ilipofunguliwa moto ulilipuka. Kati ya watu 46, walitoka 23. Chanzo hakikujulikana kwa hakika, wala sisemi kuwa kilikuwa sigara. Nasema tu kwamba baada ya siku ile vitambua moshi viliwekwa vyooni, na taa zikawekwa chini kuonyesha njia ya kutokea.

Hata hivyo hofu yangu kubwa haiko chooni, iko katika masanduku. Betri ya kifaa hiki ni ya lithiamu, na kifaa chenyewe huweza kujiwasha kikibanwa kati ya nguo. Agosti 2014, katika uwanja wa Logan, Boston, begi moja lilishika moto tumboni mwa ndege kwa sababu ya sigara ya elektroniki. Bahati njema ndege ilikuwa bado haijaondoka. Mwaka uliofuata Shirika lile la Montreal lilikataza vifaa hivi kuwekwa katika mizigo ya chini, na likakataza kuvichaji ndani ya ndege. Vikiwa mkononi, betri ikianza kufoka wahudumu wataiona na kuimwagia maji. Huko chini hakuna mtu. Dawa ya kuzimia moto huweza kuua miali, lakini haiipozi betri.

Na ni nani katika ukoo huu atakayeweka kitu hicho katika mzigo wa chini? Tuseme kweli. Tulipokwenda maziko miaka miwili iliyopita, kijana wetu mmoja alikiingiza katika sanduku la bibi yake, kati ya kanga, kwa kuwa hakuna ambaye angethubutu kupekua kanga za bibi. Katika uwanja tuliobadilishia ndege sanduku lilizuiwa. Mama yetu, mwenye umri wa miaka 78, akaitwa kujieleza kuhusu kitu ambacho hakupata kukiona. Alisema ni kalamu. Kanga za matanga zikatufikia siku tatu baada ya matanga kwisha.

Kijana yule si mhuni. Alikificha kwa heshima: aliona aibu kukishika mbele ya wazee. Heshima hiyo hiyo tuliyomfundisha ndiyo iliyolipeleka betri mahali pabaya kuliko pote. Kwa hiyo naomba jambo gumu kwa pande zote mbili. Vijana, kifaa kiwe mfukoni au katika mkoba wa mkononi, kimezimwa, nami nikikiona nitanyamaza. Wazee, nanyi mnyamaze. Maneno ya mapafu tutayasema Tanga barazani, si foleni ya Pearson.

Tena angalieni njia mtakayopita. Ethiopia na Qatar zimepiga marufuku uingizaji na uuzaji wa sigara hizi. Uganda ilifanya hivyo kwa sheria ya mwaka 2015, na Oman nayo imeuzuia uuzaji wake, kwa hiyo mtakaopitia Maskati kuwaona shangazi msibebe za kugawa. Aliye na shaka akiache nyumbani.

Atakayekiacha ana safari ya saa kumi na mbili au zaidi bila nikotini, na kiu hiyo si mchezo. Nimemwona mtu mzima akitetemeka mikono juu ya Atlantiki. Ziko ubani za kutafuna na bandiko za ngozi zenye nikotini katika maduka ya dawa, hata hapa Yonge Street. Mwulize mfamasia mapema, kabla ya wiki ya safari, ujue ni ipi inayokufaa.

Katibu anayo orodha ya wasafiri. Mwenye haja ya kusema nami faragha atanikuta karibu na meza ya chai mpaka saa kumi na moja, na sitamwuliza baba yake ni nani.