Dakika Zilizokwisha Ndani ya Mita



Mita ya LUKU ni kompyuta ndogo. Nyingi hazipati habari yoyote kutoka TANESCO ila kwa tarakimu 20 mnazobonyeza. Humo mna dakika umeme uliponunuliwa, ikihesabiwa tangu 1993, ili namba isitumike mara mbili. Wabunifu waliitengea hesabu hiyo nafasi 24 za sifuri na moja, yaani dakika 16,777,216. Zilikwisha tarehe 24 Novemba, 2024. Ndiyo maana tulibonyeza namba mbili za ziada, Sumbawanga mjini hata Laela. Siwalaumu: wangeongeza nafasi, mngebonyeza tarakimu nyingi zaidi, tena gizani! Hesabu mpya imeanzia 2014, nayo itakwisha 2045. Vijana, mafundi wakati huo mtakuwa ninyi.