Samaki wa Mlango wa Mto



Leo tumtazame samaki mmoja, jamaa wa simu na dagaa. Wataalamu humwita Hilsa kelee. Mshike mkononi: bapa, rangi ya fedha, doa jeusi nyuma ya shavu, mara nyingi na msururu wa madoa madogo ubavuni. Pitisha kidole chini ya tumbo, magamba yanakwaruza kama msumeno. Hupenda maji ya pwani na milango ya mito. Msumbiji wanamwita magumba, na wavuvi wadogo wa Ghuba ya Maputo wanamtegemea sana.

Binamu yake, ilisha, hupanda mitoni kutaga. Bangladesh hufunga uvuvi wake siku 22 kila mwaka, kwenye Oktoba hivi, na serikali huwagawia wavuvi mchele. Hapo kwenye mchele ndipo penye akili; marufuku matupu hayajazi sufuria. Marekani nako, bwawa la Edwards lililoziba mto Kennebec tangu 1837 lilibomolewa 1999, na samaki wa jamii hii wakapanda tena.

Mto wetu ni Juba, unaomwagikia baharini Goobweyn, jirani na Kismayo. Sheria ya uvuvi ya Somalia ya 2014 ilikataza meli kukokota nyavu chini ya bahari. Lakini juya la macho ya chandarua mlangoni mwa mto si la meli, ni letu. Basi nahodha, ukipasua samaki wawili watatu ukakuta matumbo yamejaa mayai, hamisha wavu, uwarudie wakishataga.