Uzuri Usiopakwa

  Fungu letu la leo ni 1 Samweli, sura ya 16, mstari wa 7.

Huko Kairo, nchini Misri, imehifadhiwa maiti ya mfalme Ramses wa Pili, aliyekufa yapata miaka 3,200 iliyopita. Mafundi waliomtengeneza walimjaza pilipili manga puani, ili pua yake ndefu isibonyee chini ya vitambaa. Hata hivyo, mwaka 1976 ilibidi maiti hiyo ipelekwe Paris, Ufaransa, kutibiwa, kwa maana ilikuwa ikiliwa na kuvu. Naye malkia Henuttawy, aliyekuja nyuma yake, alijazwa mashavu kupita kiasi ili aonekane mnene na mwenye afya. Ngozi ya uso wake ikapasuka.

Ndugu zangu, tusiwacheke. Leo wako walio hai wanaodungwa sindano usoni ili mikunjo ipotee. Baada ya miezi mitatu au minne dawa huisha nguvu, mikunjo ikarudi, na fedha nyingine zikatafutwa. Wako pia wanaojichubua kwa krimu na sabuni zenye zebaki. Zebaki hupenya ngozi, ikaingia mwilini na kuharibu figo. Mataifa yalipofanya mkataba wa Minamata mwaka 2013, vipodozi hivyo vilitiwa katika orodha ya vitu vya kukomeshwa. Binti yangu unayenisikiliza, rangi uliyopewa na Muumba si kosa la kusahihishwa.

Hata kifo kikija, shughuli haikomi. Jamaa huulizana: avikwe suti gani? Jeneza liwe la bei gani? Apakwe nini usoni, ili watu wakipita kumtazama waseme, "Ni kama amelala tu"? Na pengine marehemu huyo alilala kitandani miezi mingi, bila mtu wa kumnunulia dawa wala wa kumwosha uso huo huo.

Kuheshimu maiti si dhambi. Yakobo alipokufa, mwanawe Yusufu aliwaagiza waganga wa Misri wampake dawa, kazi iliyochukua siku 40. Wanawake nao walipeleka manukato kaburini kwa Bwana wetu. Kuoga, kuchana nywele na kuvaa nguo safi ni njia ya kumshukuru Mungu. Ubaya huanza tunapowatengeneza watu kwa ajili ya macho ya watazamaji, na kumsahau mtu mwenyewe.

Samweli, nabii mkuu, karibu akosee nyumbani kwa Yese. Alipomwona Eliabu, kijana mrefu wa kupendeza, alidhani huyo ndiye mfalme. Mungu akamkataza kumpima mtu kwa sura, maana Yeye huangalia moyo. Mteule alikuwa bado malishoni na kondoo, wala hakuna aliyekumbuka kumwita.

Mpendwa, yuko nani malishoni kwako ambaye hujamwita? Leo, kabla ya jua kuchwa, mtafute mgonjwa mmoja au mzee mmoja. Mwoshe uso angali aujua mkono unaomwosha. Hilo ni pambo ambalo kuvu haliwezi kulila.

Na tuombe. Ee Baba, utufundishe kuwatazama watu kama unavyowatazama Wewe, na kuwapenda wangali hai. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.