Moyo Ulisimama, Lakini Figo Zilianza Zamani

Maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wananchi waliokutana mjini Kitale

Wazee wetu, akina mama, vijana, na jirani zetu mliotoka Bungoma, hamjambo. Nimewataja wa Bungoma kwa sababu presha haiulizi kama uko Kiminini au Kamukuywa.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuwaandikia habari za kaunti. Leo naanza na ya nyumbani.

Baba yangu mdogo alikuwa mkulima wa mahindi. Alitibiwa presha miaka mingi. Miguu ilipovimba, tukasema ni kutembea sana. Alipoishiwa na pumzi njiani kwenda shambani, tukasema ni umri. Alipofariki, matangani kila mtu alisema moyo umesimama. Ni kweli. Lakini karatasi za hospitali, tulipozisoma baadaye, zilitaja figo. Miaka yote hiyo hakuna aliyempima mkojo, nasi hatukujua la kuuliza.

Figo huchuja damu usiku na mchana, na ndizo huamua chumvi na maji yabaki kiasi gani mwilini. Zikichoka, maji na chumvi hujaa, presha hupanda, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Msuli wa moyo hunenepa, tena unene usio wa afya, mpaka ukakakamaa. Figo pia hutoa homoni inayoufanya mwili utengeneze damu. Homoni ikipungua, damu hupungua, na moyo hupiga mbio kufidia. Isitoshe, madini ya fosfeti yasipotolewa, mishipa ya damu hushika chokaa ikawa migumu, kama mpira wa maji ulioachwa juani.

Ndiyo maana wagonjwa wengi wa figo huuawa na moyo kabla ya kufika kwenye mashine ya kusafisha damu. Sisi tunaijua mashine tu: saa nne kitini, mara mbili au tatu kwa wiki, na harambee za nauli. Kumbe ugonjwa ulianza kimya. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo asihisi chochote.

Kwa hivyo kama una presha au kisukari, au kuna mgonjwa wa figo katika ukoo wenu, usitosheke na kupimwa presha peke yake. Uliza vipimo viwili: mkojo, kuangalia kama unapitisha protini, na damu, kuangalia kreatinini. Ugonjwa ukijulikana mapema, kuna dawa za presha zinazolinda figo na moyo pamoja. Usiziache kwa sababu umejisikia nafuu. Chumvi nayo ibaki jikoni, isiletwe mezani.

Jambo lingine ni vidonge vya maumivu. Msimu wa kuvuna mgongo unauma, duka la dawa liko karibu, na diklofenaki au ibuprofeni ni rahisi kupata. Vikinywewa mara kwa mara huumiza figo, na kwa mwenye presha ni hatari zaidi. Muulize daktari kwanza. Mfuko wa shati la baba mdogo haukukosa vidonge hivyo.

Nimesema ya kutosha. Muuguzi yuko pale mezani na kipimo cha presha, na chupa za mkojo ziko kwenye kile kikapu. Wazee watangulie.